Jinsi ya Kudai Haki ya Kutojitia Hatiani Katika Kesi ya Madai Nchini Marekani: Mwongozo Kamili wa Hatua ya Ufichuzi

Watu wengi wanaofunguliwa kesi ya madai nchini Marekani, huku jambo lile lile likiweza kuzaa mashtaka ya jinai, hukosea mahali pamoja. Wamesikia kwamba mtu ana haki ya kunyamaza, basi wananyamaza. Hawajibu maswali ya maandishi, hawafiki kuhojiwa, au wanajibu nusu na kuficha nusu. Katika kesi ya madai kimya cha namna hiyo hakilindwi na chochote. Haki iliyomo katika Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani hudaiwa kwa maneno, swali kwa swali na ndani ya muda uliowekwa, tena ina gharama ambayo mwenye kuidai anapaswa kuijua mapema.

Mwongozo huu unafuata kanuni za mahakama za shirikisho, na unataja sheria za majimbo pale tu zinapoweza kubadilisha uamuzi wako. Ufichuzi ni ile hatua ya kabla ya kesi kusikilizwa, ambapo kila upande unaudai upande wa pili majibu, nyaraka na maelezo ya kiapo. Ili mambo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuseme dereva wa lori amegonga gari dogo usiku katika jimbo la Ohio, aliyeumia amemfungulia madai yeye pamoja na kampuni ya lori, na polisi bado wanachunguza iwapo alizidisha saa za kuendesha kisha akabadilisha kumbukumbu za saa zake. Udereva wa masafa marefu ni kazi ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili huko wanaifanya, kwa hiyo mfano huu hauko mbali na maisha yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya madai, pamoja na tarehe halisi uliyokabidhiwa.
- Kila seti ya maswali, maombi ya nyaraka, maombi ya kukiri (yanayokutaka ukubali au ukanushe jambo fulani) na wito wa kuhojiwa, na tarehe ya kuipokea ikiwa imeandikwa juu yake.
- Karatasi zote za upande wa jinai: taarifa ya polisi, tiketi, barua ya mpelelezi, wito wa mahakama, hati ya mashtaka ikiwa ipo.
- Orodha ya uliyokwisha kuyasema kuhusu tukio, uliyemwambia na njia uliyotumia: polisi, afisa wa bima, mwajiri, ndugu kwenye kikundi cha WhatsApp.
- Wakili wa jinai, mbali na wakili wa madai.
- Mkalimani aliyeidhinishwa, ikiwa Kiingereza chako si cha kusimama nacho mbele ya kiapo.

Hilo la wakili wa jinai lina sababu. Katika ajali, bima ndiyo humlipa wakili wa kukutetea kwenye madai, na kazi aliyopewa ni kupunguza au kuzuia fidia. Anaweza kuwa hodari na mwaminifu, lakini jibu linaloisaidia kesi ya fidia huenda ndilo litakalokupeleka gerezani. Mtu wa kupima hatari hiyo ni wakili anayefanya kesi za jinai katika jimbo lako. Katika kesi ya madai mahakama kwa kawaida haikupi wakili wa bure. Ukishashtakiwa kwa jinai inayoweza kukufunga na huna uwezo, una haki ya kupewa mmoja, na huyo aarifiwe mara moja kwamba kuna kesi ya madai inayoendelea.

Hatua ya 1: Pima kama hofu yako ni ya jinai na kama ina msingi

Haki hii inalinda dhidi ya mashtaka ya jinai peke yake. Hailindi dhidi ya kulipa fidia, kufukuzwa kazi, kupoteza leseni au kuaibika. Jiulize hivi: je, jibu la kweli la swali hili laweza kutumika kunishtaki, au kuwa kiungo kimojawapo katika mnyororo wa ushahidi utakaotumika kunishtaki? Kipimo hicho kiliwekwa na Mahakama ya Juu katika shauri la Hoffman la mwaka 1951. Si lazima jibu lenyewe liwe kukiri kosa. Inatosha likiwafungulia wapelelezi njia, mradi hofu hiyo iwe ya kuridhisha akilini na si ya kufikirika tu.

Usidhani kwamba anayedai haki hii amekwisha kujikubali kuwa mkosaji. Katika shauri la Ohio dhidi ya Reiner la mwaka 2001 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba hata anayeshikilia kuwa hana hatia anaweza kuidai, kwa kuwa maneno ya mtu asiye na kosa nayo yanaweza kumnasa.

Hofu za aina tatu huwapotosha wasomaji wa Afrika Mashariki, na inafaa kuzitazama vizuri.

Ya kwanza ni hofu ya kushtakiwa nyumbani. Mtu anaogopa kwamba jibu lake mjini Columbus, Ohio, litamfanya ashtakiwe Nairobi au Dar es Salaam. Mwaka 1998, katika shauri la Balsys, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hofu ya mashtaka katika nchi ya kigeni pekee haitoshi kudai haki hii.

Ya pili ni hofu ya kufukuzwa nchini. Kesi ya kumwondoa mtu Marekani huhesabiwa kuwa ya madai, kwa hiyo hofu ya kuondolewa peke yake haitoshi nayo. Hata hivyo, baadhi ya mambo ya uhamiaji ni jinai kamili, mathalani kuingia nchini bila kupita kwa afisa wa mpakani, au kutumia namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mwingine ili kupata kazi. Swali likigusa hayo, haki ipo. Kuzidisha muda wa viza, kwa upande mwingine, si kosa la jinai kwa lenyewe. Pale swali la uhamiaji linapokuwa la uchokozi tu na halihusiani na kesi, dawa yake ni kuiomba mahakama amri ya kulizuia.

Ya tatu ni hofu iliyopitwa na wakati. Ukomo wa muda wa mashtaka ukishapita, au hukumu ikishakuwa ya mwisho na rufaa zimekwisha, au ukiwa umepewa kinga rasmi ya maneno yako kutotumika kukushtaki, haki hii huondoka kwa jambo hilo. Kwa makosa mengi ya shirikisho ukomo ni miaka 5, lakini mengi ya kodi yana miaka 6, na majimbo yana hesabu zao. O. J. Simpson aliachiwa huru na mahakama ya jinai mwaka 1995, na baada ya hapo alilazimika kujibu maswali kwa kiapo katika kesi ya madai iliyofuata. Lakini kuachiwa na jimbo hakuzuii serikali ya shirikisho kushtaki kwa sheria zake yenyewe, kwa hiyo usitoke kwenye kesi ya jimbo ukaanza kueleza kila kitu kabla wakili wa jinai hajaikagua hatari hiyo.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi inayotaja kosa mahususi, sheria inayolihusu na mwisho wa muda wa kulishtaki. Huyo dereva wetu ataandika mawili: kusababisha madhara kwa uendeshaji, na kughushi kumbukumbu za saa.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno yako na nyaraka, na wewe na kampuni yako

Hapa ndipo wengi huanguka, hasa wenye biashara ndogo.

Kampuni haina haki hii. Iwe ni shirika kubwa, ubia, au kampuni ndogo uliyoisajili ili kumiliki lori moja, ikiombwa nyaraka zake itazitoa, na msimamizi wake hawezi kukataa kwa hoja kwamba zinamtia hatiani yeye binafsi. Mahakama ya Juu ilisema hivyo katika shauri la Braswell la mwaka 1988, ambapo mwenye hisa zote alikuwa ndiye huyo huyo mtu mmoja. Maswali ya maandishi yaliyoelekezwa kwa kampuni nayo lazima yajibiwe. Ikiwa wewe ndiye unayejua majibu na unaogopa, kampuni inapaswa kumteua mwakilishi mwingine anayeweza kukusanya taarifa na kujibu bila kujitia hatarini. Mwaka 1970, katika shauri la Kordel, afisa wa kampuni aliyejibu maswali kama hayo bila kudai haki yake alikuja kulalamika baadaye kwenye kesi ya jinai, na mahakama haikumsikiliza. Mfanyabiashara binafsi ambaye hajasajili kampuni ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu karatasi za biashara ni zake mwenyewe.

Nyaraka zilizokwisha kuandikwa kwa hiari hazilindwi kwa yaliyomo. Ujumbe wa WhatsApp uliomwandikia rafiki saa mbili baada ya ajali ni ushahidi uliouumba mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Kinachoweza kulindwa ni kitendo cha kuzitoa nyaraka, kwa maana ya kwamba kwa kuzitoa unathibitisha kuwa zipo, kuwa ziko mikononi mwako na kuwa ndizo zenyewe. Katika shauri la Hubbell la mwaka 2000 mshtakiwa alikuwa ametoa kurasa 13,120 akiwa chini ya kinga, na Mahakama ya Juu ilikataa mashtaka yaliyojengwa juu ya kitendo hicho cha kuzichambua na kuziwasilisha. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakili wako ni kama upande wa pili tayari unajua kuwa waraka fulani upo na uko kwako. Ikiwa wanajua, ulinzi huo unakuwa mwembamba sana.

Kisha kuna kumbukumbu ambazo sheria inalazimisha zitunzwe kwa ajili ya usimamizi wa serikali. Tangu shauri la Shapiro la mwaka 1948, hizo kwa kawaida hutolewa bila kujali haki hii. Dereva wa lori la mizigo hubanwa na kanuni za shirikisho: asiendeshe zaidi ya saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na saa hizo zirekodiwe. Kampuni inatakiwa kuzihifadhi rekodi hizo kwa miezi 6. Dereva asitegemee kwamba Marekebisho ya Tano yatazifungia kabatini.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika hatua hii: usifute chochote. Kufuta ujumbe, kubadilisha rekodi au kutupa simu baada ya kujua kuna kesi ni jinai mpya, na mara nyingi ni rahisi kuithibitisha kuliko ile ya awali.

Hatua ya 3: Hesabu gharama kabla ya kuamua

Katika kesi ya jinai mwendesha mashtaka haruhusiwi kuwaambia raia wanaoamua kesi kwamba kimya cha mshtakiwa ni dalili ya hatia. Katika madai sivyo. Tangu shauri la Baxter la mwaka 1976, mahakama za shirikisho zinaruhusu kuchukuliwa kwamba jibu ulilokataa kulitoa lingekuwa baya kwako; hiyo ndiyo dhana mbaya. Dereva akikataa kusema aliendesha saa ngapi, wanaoamua kesi wanaweza kuambiwa wachukulie kwamba alizidisha. Katika mazingira fulani hata kampuni yake inaweza kuathirika kwa kukataa kwake.

Kuna mipaka. Kimya peke yake hakitoshi kumpa mdai ushindi. Lazima awe na ushahidi mwingine. Katika shauri la LaSalle Bank la mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho, ilitengua hukumu iliyokuwa imeegemea kimya cha wadaiwa tu. Baadhi ya majimbo hayaruhusu kabisa dhana hiyo mbaya, California ikiwa mfano mkubwa: Sheria yake ya Ushahidi, kifungu cha 913, inakataza. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili mzuri huwa ni kesi iko mahakama gani.

Anayedai fidia yuko pabaya zaidi kuliko anayedaiwa. Huwezi kumfungulia mtu madai kisha ukakataa kujibu maswali ya msingi wa madai yako mwenyewe. Mahakama inaweza kusimamisha shauri, kukuzuia kutumia ushahidi fulani, na mwishowe hata kulifuta. Vivyo hivyo, mdaiwa anayeleta utetezi ambao mzigo wa kuuthibitisha uko juu yake asitarajie kuruhusiwa kuueleza anapotaka na kunyamaza anapobanwa.

Maoni yangu ni kwamba pale kifungo cha miaka kinapowezekana kweli, haki idaiwe hata kama fidia itapotea, kwa kuwa fedha hulipwa kwa bima au kwa mpango wa malipo. Lakini pale hatari ya jinai ni ndogo na madai ni makubwa, kuidai kwa mazoea ni kujifunga mikono bure.

Hatua ya 4: Omba shauri la madai lisimamishwe

Hatua hii huja mapema, kabla ya majibu ya kwanza kutolewa. Unaiomba mahakama isimamishe kesi nzima, au ufichuzi unaokuhusu wewe peke yako, mpaka jambo la jinai liishe. Hakuna haki ya kikatiba ya kusimamishiwa; jaji hupima. Huangalia jinsi kesi mbili zinavyofanana, madhara kwa mdai anayesubiri, mzigo kwako, muda wa mahakama, na manufaa ya umma. Hoja huwa na nguvu kuliko wakati wowote pale unapokuwa umekwisha kushtakiwa rasmi. Ukiwa unachunguzwa tu, ombi ni gumu zaidi, ingawa halishindikani: mwezi Aprili 2018, baada ya wapelelezi kupekua ofisi na makazi ya Michael Cohen, aliyekuwa wakili wa Donald Trump, jaji wa shirikisho huko California alisimamisha kwa siku 90 kesi ya madai iliyomhusu, ilhali alikuwa bado hajashtakiwa.

Omba kidogo ili upate. Siku 90 zenye taarifa ya maendeleo mwishoni hukubalika kirahisi kuliko kusimamishwa bila kikomo. Ombi likikataliwa, omba mbadala: kuhojiwa kwako kuwe kwa mwisho baada ya mashahidi wengine, au maelezo yako yafungwe yasionwe na umma. Ifahamike, hata hivyo, kwamba amri ya kuyafunga si kinga. Wapelelezi wa jinai wanaweza kuyafikia kwa wito wao.

Hatua ya 5: Jibu hati ya madai ndani ya siku 21

Katika mahakama ya shirikisho mdaiwa kwa kawaida ana siku 21 tangu alipokabidhiwa hati. Dai lisilokanushwa huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo pitia aya moja baada ya nyingine. Zisizo na hatari, kama jina lako na jimbo unaloishi, zijibu. Zile za hatari, andika kwamba unadai haki ya Marekebisho ya Tano kuhusu aya hiyo, na kwamba dai hilo lichukuliwe kuwa ukanusho. Usikanushe kwa uongo jambo unalolijua kuwa la kweli.

Hatua ya 6: Maswali ya maandishi, nyaraka na maombi ya kukiri, siku 30

Zote tatu zina muda wa siku 30 tangu ulipokabidhiwa. Pingamizi lililochelewa kwa maswali ya maandishi huhesabiwa kuwa limeachiliwa, isipokuwa mahakama ikusamehe kwa sababu nzuri, na zipo mahakama zilizoamua hivyo hata kwa haki hii ya kikatiba. Maombi ya kukiri ni mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa usipojibu ndani ya siku 30, umekiri. Kanuni inasema kukiri huko hakutumiki dhidi yako katika kesi nyingine, lakini kunaweza kumaliza kesi ya madai papo hapo.

Andika dai lako chini ya kila swali linalohusika. Mfano wa maneno, ambayo wakili wako atayawasilisha kwa Kiingereza:

*Swali la 7: Taja saa zote ulizoendesha katika saa 24 kabla ya ajali.*

*Jibu: Mdaiwa, kwa ushauri wa wakili wake, anakataa kujibu swali hili kwa kutumia haki ya kutojitia hatiani iliyo katika Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, kwa kuwa jibu laweza kuhusiana na uchunguzi wa jinai unaoendelea juu ya tukio hilo hilo.*

Ikiwa kesi iko katika mahakama ya jimbo, ongeza kifungu cha katiba au sheria ya jimbo hilo. Usieleze zaidi ya hapo. Nimewahi kuona rasimu iliyoongeza kwamba mdaiwa anaogopa polisi wasije kujua alilala saa mbili tu. Sentensi hiyo moja ilikuwa imeshasema kila kitu ambacho haki ilikusudiwa kukilinda.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni kuandika dai moja la jumla mbele ya maswali yote 25, ambayo ndiyo idadi inayoruhusiwa bila kibali katika mahakama za shirikisho. Majaji hawapendi dai la jumla, na wana haki, kwa sababu haliwapi namna ya kupima hatari ya kila swali. Swali la nani ana bima ya lori halifanani na swali la nani alibadilisha rekodi.

Kwa nyaraka, toa zisizo na hatari, kisha wasilisha orodha inayotaja unazozizuia kwa aina na kwa sababu. Pale ambapo hata kuorodhesha kungethibitisha kuwa waraka upo, wakili adai haki juu ya orodha yenyewe. Ukiwa si mhusika wa kesi bali umepelekewa wito wa nyaraka tu, pingamizi lako la maandishi liwafikie kabla ya tarehe ya kutekeleza au ndani ya siku 14, lipi litatangulia.

Hatua imefaulu pale ambapo hakuna swali hata moja lililobaki tupu: kila moja lina jibu, pingamizi au dai la haki, na mahali ulipojibu umeweka saini ya kiapo.

Hatua ya 7: Siku ya kuhojiwa kwa kiapo

Wito ukikufikia, nenda. Kutofika ni kuvunja kanuni, na haki hii haidaiwi ukiwa kitandani kwako. Mahojiano hufanyika kwa kawaida katika ofisi ya wakili. Jaji hayupo, ila yupo mwandishi wa mahakama anayenakili kila neno, na mara nyingi kamera. Kikomo cha shirikisho ni siku moja ya saa 7, ambazo huenda zikawa ndefu kuliko safari ya usiku.

Kabla ya siku hiyo, chora mstari na mawakili wako wawili: maswali gani yatajibiwa, na ni wapi hasa utaanza kudai. Mstari huo una sababu ya kisheria. Katika shauri la Rogers la mwaka 1951 shahidi alikiri jambo la msingi kisha akakataa maelezo yake, na Mahakama ya Juu ikasema amekwisha kuiachilia haki kwa jambo hilo. Mdomo huponza kichwa, na hapa huponza kwa utaratibu: jibu moja linavuta la pili, la pili linavuta la tatu.

Kwa dereva wetu mambo yangekuwa hivi. Jina lako nani? Anajibu. Una leseni ya daraja gani? Anajibu. Uliajiriwa lini? Anajibu. Siku ya ajali uliamka saa ngapi? Hapo anasimama na kudai haki, kwa sababu saa ya kuamka inaelekeza kwenye saa ya kuanza kazi, ambapo hesabu ya saa 14 huanza. Akijibu kwamba aliamka alfajiri na kuanza kazi saa hiyo hiyo, kisha akakataa swali la saa za kuendesha, upande wa pili utamwambia jaji kwamba mlango aliufungua mwenyewe.

Maneno ya kudai yaandikwe kwenye kadi, yasomwe kama yalivyo: kwa ushauri wa wakili wangu, ninakataa kujibu swali hili kwa kutumia haki yangu ya Marekebisho ya Tano. Kutikisa kichwa hakunakiliwi. Kunyamaza hakuhesabiki. Kusema hukumbuki ilhali unakumbuka ni uongo chini ya kiapo, na kwa sheria ya shirikisho kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 5.

Kama unatumia mkalimani, mpe kadi hiyo kabla ya kuanza, na mkubaliane na pande zote kwamba tafsiri yake itakuwa ile ile kila mara. Usijibu maswali mepesi kwa Kiingereza kisha ukarudi kwenye Kiswahili kwa magumu, kwani wakili wa upande wa pili atakuonyesha kuwa mjanja.

Wakili huyo ataendelea kuuliza hata baada ya wewe kukataa. Si ukaidi wake. Kila swali ulilokataa ni nafasi ya kuomba dhana mbaya baadaye, kwa hiyo anazikusanya. Jibu zote kwa sauti ile ile. Mkichoka, mawakili wanaweza kukubaliana kwenye rekodi kwamba maneno mafupi yasimame badala ya kadi nzima. Donald Trump alipohojiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa New York tarehe 10 Agosti 2022, alidai haki kwa maelezo marefu mwanzoni, kisha akarudia kusema jibu ni lile lile mara zaidi ya 400. Utaratibu huo unakubalika, mradi makubaliano yanakiliwe wazi mwanzoni.

Wakili wako anaruhusiwa kukuelekeza usijibu pale anapolinda haki ya aina hii, lakini anayeidai ni wewe, kwa kinywa chako.

Hatua ya 8: Wakiomba mahakama ikulazimishe

Upande wa pili ukiwasilisha ombi la kukulazimisha, jaji ndiye atakayeamua kwa kila swali, wala si wewe. Kwa kawaida huitazama kesi na aina ya swali, na pale hatari inapoonekana wazi hataki maelezo zaidi. Isipoonekana, wakili anaweza kuomba kuieleza kwa faragha mbele ya jaji peke yake.

Jaji akiamuru ujibu, usiamue papo hapo. Mwambie wakili aombe amri isimamishwe ili njia za rufaa zitazamwe. Kukaidi kunaweza kuleta adhabu, kuanzia gharama hadi kutiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Kujibu baada ya pingamizi lako kukataliwa kunabaki na ulinzi fulani, kwa kuwa ikiwa jaji alikosea, jibu lililolazimishwa linaweza kupingwa lisitumike kwenye kesi ya jinai. Pingamizi hilo lazima liwe kwenye rekodi kabla ya jibu.

Hatua ya 9: Kubadili msimamo kabla muda haujaisha

Huenda jambo la jinai likaisha katikati ya kesi ya madai, ukataka sasa kueleza upande wako. Inawezekana, lakini mahakama huchunguza sababu. Mtu aliyekaa kimya hatua yote ya ufichuzi, akasikia ushahidi wa wenzake, kisha akajitokeza kusema wiki ya kesi kusikilizwa, mara nyingi huzuiwa, kwa kuwa ameinyima pande nyingine nafasi ya kumhoji.

Kwa hiyo andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya ufichuzi tangu siku ilipopangwa. Barua ya waendesha mashtaka ya kufunga jalada ikitoka, au hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, mwambie wakili afanye matatu ndani ya wiki hiyo hiyo: awaarifu pande zote kwa maandishi kwamba unaondoa dai la haki kwa maswali yaliyotajwa kwa namba, awasilishe majibu mapya ya maswali hayo chini ya kiapo, na ajitolee tarehe mbili au tatu za wewe kuhojiwa upya kwa gharama zenu. Iwapo tarehe ya mwisho iko karibu mno, aombe iongezwe kabla haijapita.